Kona ya Bohumil

Nimelipa dola tano kuingia shambani kwa baba yangu.
Kijana wa dirishani hakunijua, wala sikujitambulisha.
Alinipa ramani iliyokunjwa mara nne
na onyo: kupe ni wengi mwaka huu,
chomeka suruali ndani ya soksi.

Basi nimechomeka. Mzee wa miaka sabini na mmoja,
nimevaa kama mtoto wa chekechea,
nasimama pale lilipokuwa ghala la mahindi.
Sasa ni maegesho. Magari kumi na moja,
baiskeli juu ya paa, watu wanafungua vikapu vya mandari,
na mtoto mmoja analia
kwa sababu aliahidiwa nyati
na nyati hawaonekani.

Mjukuu wangu Maren ana darubini shingoni.
"Babu, yule nani?"
Ndege mwenye kizibao cha manjano, juu ya waya,
kafunua mdomo kana kwamba Nebraska yote ni yake.
Sura naijua. Sauti, siijui.
Miaka thelathini juu ya trekta, injini ikinguruma,
nilidhani nyika ni kimya.

Njia inapanda. Nyasi zinanifika kifuani,
rangi ya kutu, na samawati kidogo kwenye mafundo;
upepo ukizilaza, huinuka bila kinyongo.
Colleen, mlinzi wa hifadhi, anatangulia kwa hatua ndefu.
Mizizi yake, anasema, hushuka chini
kupita kimo cha mtu aliyembeba mwenziwe mabegani.
Kila baada ya miaka michache tunazichoma,
na moto ndio unaoziamsha.
Maren anaandika. Mimi naangalia viatu vyangu.
Nani aliyeipindua mizizi hiyo kama si sisi,
babu, kisha baba, kisha mimi?
Tulikula vizuri. Siwezi kudanganya: tulikula vizuri.

"Na mbegu mlizitoa wapi?" Maren anauliza.

Colleen ananyoosha mkono kwenye mteremko wenye mawe.
"Pale. Eka tatu tu ambazo plau haikuzigusa.
Tulivuna kwa mikono, misimu tisa,
ndipo tukapanda zote hizi unazoziona.
Nani aliziacha, hatujui. Labda mawe yalimshinda."

Mimi najua.
Mawe hayakuwa mengi hivyo.
Bohumil Vlasak alikuwa akilala pale,
kila Jumapili baada ya misa, kofia usoni,
miguu peku, soseji na mkate kwenye karatasi.
Akina Hruska walimcheka mlangoni pa kanisa:
mchagua jembe si mkulima,
sembuse huyu anayelikimbia!
Mama alipiga hesabu jikoni,
magunia mangapi kwa eka, mara tatu, mara miaka,
hadi ncha ya penseli ikaisha.
Nami nilimwonea aibu.
Nina miaka kumi na tisa na trekta mpya, nikamwambia:
"Nipe wiki moja, nitayang'oa hayo mawe."
Alinitazama sana.
"Acha," akasema. Hakuongeza neno.

Alipokufa nilikusudia kuilima.
Mwaka ule plau ilivunjika,
uliofuata bei ya mahindi ikaanguka,
na benki ikafika pale kabla yangu.
Msinishukuru. Mimi nilichelewa tu.

"Babu, mbona umenyamaza?"

Ninakaa. Ninafungua kamba za viatu.
"Mzee, samahani," asema Colleen,
"hairuhusiwi kutoka njiani."
"Najua, binti yangu," namjibu,
soksi moja tayari iko mkononi.

Nyasi zimefunga juu ya kichwa changu.
Huku chini hakuna upepo.
Kuna joto, harufu ya udongo usiowahi kuona jua,
na siafu mmoja anayepanda kidole changu gumba
bila kuuliza ni cha nani.

Kutoka maegeshoni, mbali,
mtoto yule anapiga kelele:
wameonekana.